Kompyuta, Kinanda na Jumamosi ya Mzee Yeremia

Pale Newala, nyuma ya soko, kuna gogo la mkorosho lililolazwa mbele ya kibanda cha fundi redio. Gogo hilo, wallahi, limeshatatua matatizo yote ya dunia isipokuwa la maji. Wenye gogo ni wale wale: Godfrey, fundi mwenyewe, aitwaye Injinia kwa kuwa hajawahi kukiri kushindwa na redio, Abdulrazaki wa bodaboda, aitwaye Waziri kwa sababu hujibu kila swali, hata lisilomhusu, na Bi Flora, anayewauzia kahawa huku akiwakoromea. Jioni hiyo alikuwapo pia Optatus, mtengeneza muziki, na alikuwa na haraka. Korosho zake zilikuwa zimetosha kununua kitu kimoja tu: kompyuta mpya, au kile kinanda cha umeme chenye vitufe vya kuzungusha, kinachozaa sauti za kila namna. Reginald, kondakta wa basi la Dar, alikuwa anasubiri jibu ili akamnunulie. Na Jumamosi baba yake, Mzee Yeremia, mpiga ngoma wa kijiji cha Makote, angeletwa studio arekodiwe. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kufa ganzi, na jambo hilo lilimnyima Optatus usingizi.

— Waungwana, nisaidieni, alisema. Kompyuta yangu ni kizee. Ninunue mpya au nichukue kinanda?

— Kompyuta! Injinia alidaka. Kompyuta ni kumbukumbu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, maana yake kibaba kikijaa, mashine inaganda. Tafuta yenye kibaba kikubwa.

— Wahenga gani hao? Bi Flora aliguna.

— Kompyuta inaugua virusi, alisema Waziri. Kinanda umewahi kusikia kina mafua? Halafu kina sauti mia nne, na ngoma yetu imo.

— Imeingiaje? Optatus aliuliza.

— Wajapani! Walipokuja kununua vinyago, unadhani waliondoka na mbao tu? Kinyago kina masikio, mzee. Miaka yote kilikaa kwa Mmakonde kinasikiliza ngoma. Wamefika kwao, wamekitoboa, sauti ikamwagika, wakaitia kwenye kinanda.

— Kwa hiyo nikainunue ngoma ya baba kwa Mjapani?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Optatus alicheka, lakini moyo ulimuuma. Akilini alimwona baba yake akiwasha nyasi kavu, akiupeleka uso wa ngoma karibu na moto, akiugonga kwa kidole, akisikiliza, akiurudisha tena motoni, mpaka ngozi iseme anavyotaka. Hapo mzee hucheka peke yake. Akawasimulia moto huo, akauliza kitufe gani kingeweza hilo.

— Tena hapo kwenye moto, Injinia alionya, ndipo utakapojuta. Wenzetu kompyuta wanaiwekea feni, wewe unataka kuiwashia nyasi!

— Na kompyuta za sasa zinajitungia nyimbo, Waziri aliongeza. Wewe ndiye uliyekuwa huitaki, Injinia? Mimi nakwambia, Optatus ataamka siku moja akute imeshatunga, imeshajipakia gari, iko Masasi inatumbuiza. Yeye kabaki analinda chaja.

— Mimi ndiye niliyeitaka! Injinia alifoka.

— Haya basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo maana nasema anunue na spika kubwa.

Bi Flora akawamiminia, safari hii nusu kikombe kila mmoja. Ndipo akatokea Mabel, dada mkubwa wa Optatus, kanga imejaa vumbi la Makote.

— Shikamoo dada. Baba hajambo?

— Marahaba. Hajambo, ila kikombe kinamponyoka. Tangu asubuhi anakusanya nyasi kavu. Anasema mikono yake imebakiza Jumamosi moja.

Kahawa ya Optatus ikawa chungu kuliko ilivyokuwa. Mabel aliuliza wanabishania nini, wakamweleza, wakipokonyana maneno.

— Hiyo kompyuta ya zamani imekufa?

— Haijafa, alisema Optatus. Inakohoa, lakini inawaka.

— Sawa. Maana baba kanituma niulize kuhusu Jumamosi. Yeye atapiga ngoma. Kati ya hivyo viwili vyenu, kipi kitakachomsikia?

Injinia alijikuna kisogo kwa bisibisi. Waziri alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu apewe uwaziri. Optatus akamgeukia taratibu. Studio ilikuwa na maikrofoni moja. Waziri alikuwa ameiazima kwa ajili ya harusi yake, akaitumbukiza kwenye sufuria la mchuzi katikati ya hotuba, ikafa. Tangu hapo Optatus alikuwa akipanga midundo kwa kipanya tu, mwezi baada ya mwezi, hata akasahau kuwa studio yake ni kiziwi.

— Nilikuwa nawashukuru wakwe, Waziri alisema kwa sauti ndogo.

Bi Flora aliinamisha birika. Yalitoka machicha matupu. Simu ya Optatus ikalia.

— Oya, mimi naenda kulala, alisema Reginald, alfajiri gari linaondoka kwenda Dar. Kompyuta au kinanda?

— Maikrofoni, kaka. Nzuri kuliko zote utakazoziona. Na uje umeipakata mwenyewe, usiitie kwenye buti. Jumamosi ni moja.