Koki ya Wodi ya Wazazi

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, fundi bomba aliyepakata mkoba wa vifaa alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye. "Miaka kumi na tisa hospitalini, dada, leo uhamisho: naripoti uwanja mpya wa michezo."

"Pole, kaka. Mimi wamenihamisha mara tatu. Utazoea."

"Mimi nitazoea. Ila koki ya wodi ya wazazi inafungwa kinyume, ukikosea tangi lote linamwagika. Na aliyeletwa nafasi yangu katoka masjala."

"Si ungemwandikia?"

"Nimemwandikia kurasa nne. Kazifungulia faili, kalitia namba, kaliweka kabatini."

Kimasjala, niliona mimi, hiyo ni kazi safi.

Basi liliposimama hospitalini, fundi akainuka.

"Kaka, uwanja bado!"

"Najua, dada. Lakini vichanga wataogeshwa kwa maji gani?"