Clifford Entwistle: Fundi Asiyesaini Boila Ambayo Hajaiona

Bwana Clifford Entwistle anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, baada ya kuitumikia karakana yetu ya mabomba na boila hapa Burnley kwa miaka thelathini na minane na miezi mitano. Mimi Wilf Duxbury, mtunza ghala, ambaye wengi wenu mnaniita Mjomba, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu bosi anasema nina maneno mengi kuliko vipuri. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano. Mkikuta herufi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Clifford alifika hapa na spana mbili na koti la baba yake lililomvuka magoti. Katika baridi ile kubwa iliyopasua mabomba ya nusu ya mji, aliziba mabomba mia moja na arobaini kwa siku tatu. Najua idadi kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea vipuri, na theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya gari, nikawa naendesha kwa kukumbuka barabara. Wapo wanaosema ilifika kwenye magurudumu tu. Hao walikuwa kwao wamejifunika blanketi.

Aliwahi kupandisha beseni la kuogea la chuma ghorofa tatu peke yake, kalivaa kichwani kama kofia. Mwenye nyumba, bibi wa miaka tisini, alikutana nalo kwenye ngazi akalisalimia. Clifford akaitikia kutoka ndani.

Mafundi kumi na mmoja waliopo leo wamepita mikononi mwake. Wote wamefundishwa kugonga bomba kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kabla ya kufungua chochote, na wote wamefundishwa sentensi yake moja: sijaiona, sisaini. Sentensi hiyo ndiyo iliyonikosanisha naye, na ndiyo inayonifanya leo niandike jambo ambalo sijawahi kulisema.

Miaka tisa iliyopita shangazi yangu alifariki akaniachia nyumba yake. Nikawa mwenye nyumba kwa mara ya kwanza maishani, na nilitembea mjini kama niliyeachiwa wilaya nzima. Nilidhani mwenye nyumba ni mtu wa kushika funguo na kukohoa mlangoni. Mpangaji wangu alikuwa Gemma Pilling, mama kijana mwenye mtoto wa miezi mitatu, Elsie. Nilimwambia ana bahati. Wapangaji wengine wakiharibikiwa na boila wanapiga simu na kungoja. Yeye mwenye nyumba wake anatoka karakana ya boila.

Sikumwambia kwamba kazi yangu huko ni kuhesabu koki.

Novemba Gemma akalalamika kwamba tundu la hewa kwenye ukuta wa jikoni, karibu na boila, linaingiza upepo mpaka mtoto anapiga chafya. Sisi watu wa huku upepo ndani ya nyumba tunauchukia kuliko mwizi. Marehemu shangazi alikuwa akilaza soksi zilizojazwa mchanga kwenye kila mlango. Basi nikachukua sweta lake la sufu, nikalisokomeza ndani ya tundu, nikapiga plasta, nikapaka rangi. Kazi safi sana. Nilirudi nyuma hatua tatu kuitazama.

Boila ile ya gesi, iliyopasha maji na nyumba nzima, ilikuwa ya zamani, ya aina inayovuta hewa ya chumbani ili moto uwake na moshi upande. Nilikuwa nimeiziba pua.

Wiki mbili baadaye Gemma akaniambia kichwa kinamuuma kila jioni, ila akienda sokoni kinapona. Mtoto naye analala mno. Nikamjibu kwa uhakika wote wa mtu asiyejua, "Hicho ni kichwa cha mzazi, mama. Na mtoto anayelala ni zawadi, usimwamshe."

Mwenye nyumba hapa analazimika kuleta fundi mwenye leseni kila mwaka aikague boila, na mpangaji apewe karatasi ya ukaguzi. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nikamfuata Clifford ghalani na karatasi imeshajazwa.

"Cliff, hii ni ya nyumba ya shangazi. Boila naijua mwenyewe. Weka saini hapo chini tu."

"Sijaiona."

"Mimi nimeiona."

"Basi saini wewe."

"Sina leseni, unajua sina leseni."

"Najua, Wilf," akasema, akaendelea kuchagua washa zake, zile pete ndogo za mpira.

Nilimnunia siku kumi. Niliwaambia wote hapa kwamba uzee umemwingia, kwamba haamini rafiki. Jumamosi ya pili, siku yake ya mapumziko, nikamkuta mlangoni kwa Gemma na begi la vifaa. Hakuna aliyemwita. Nikaingia nyuma yake nikimweleza historia ya boila.

Clifford alifunga milango na madirisha, akawasha boila, akangoja kidogo. Kisha akawasha kijiti chake cha moshi wa kupimia, akakisogeza pale moshi wa boila unapotakiwa kuvutwa kwenda juu. Ule moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukageuka ukaja usoni kwetu.

Clifford alizima gesi kabla sijamaliza sentensi yangu. Akafungua mlango wa nyuma.

"Toka nje na mtoto, binti. Sasa hivi, usitafute viatu." Kisha akamuuliza, taratibu kabisa, "Kichwa kinakuuma ukiwa humu?"

"Kila jioni. Mjomba amesema ni cha mzazi."

Alinitazama. Nimewahi kuangukiwa na rafu nzima ya koki za shaba, na iliniuma kidogo kuliko hapo. Akauliza tundu la hewa liko wapi. Nikamwonyesha ukuta wangu mzuri. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akachukua patasi, akavuta sweta la shangazi mkono mmoja baada ya mwingine.

Alifunga boila kwa lebo nyekundu ya hatari. Na mimi, Mungu anisamehe, nikabisha.

"Cliff, ni Desemba. Mtoto atakufa kwa baridi."

"Baridi ina blanketi, Wilf. Hii haina."

Sumu yenyewe ni ile ile hewa ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa: haionekani na haiwashi macho. Hospitali waliikuta kwenye damu ya Gemma na ya mtoto. Waliwekwa kwenye oksijeni mchana ule wote, na mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikishika viatu vya Gemma, maana alitoka bila viatu. Daktari alisema wiki moja zaidi asingependa kuifikiria. Walipona wote wawili. Siku iliyofuata Clifford alipeleka hita za umeme kwa gari lake, akafunga king'ora cha hewa hiyo, na kabla ya Krismasi boila mpya inayovuta hewa kutoka nje ilikuwa ukutani.

Sasa nyie mnaijua habari hii vingine. Miaka tisa, kila chakula cha Krismasi, nimewasimulia jinsi nilivyoingia jikoni kwa mpangaji wangu, nikanusa hewa ya sumu na kumbeba mama na mtoto, mmoja kila mkono. Hewa ile haina harufu hata kidogo. Mezani walikuwepo mafundi kumi na mmoja wenye leseni, na hakuna aliyeniuliza nimenusa nini. Clifford naye alikuwepo kila mwaka, kakaa mbele yangu anakata nyama yake. Hakunikosoa hata mara moja. Mwaka juzi aliniomba nimpitishie mchuzi.

Basi karatasi hii na mimi nimeisaini, kwa sababu hii niliiona. Aliyewatoa ni Clifford Entwistle. Aliyewaziba ni mimi. Enyi wenye nyumba wapya, na najua mmo humu, msinisikilize ghalani. Mleteni fundi aone kwa macho yake.

Bwana Clifford, karakana inakushukuru, na mimi nakushukuru kwa watu wawili ambao vifo vyao ningeamka navyo kila asubuhi mpaka kaburini. Wewe na mkeo Beryl mpate afya, bustani yenu izae, na pasiwe na mtu wa kukuita Jumamosi. Elsie ana miaka tisa sasa na ana maneno kunizidi. Ukaguzi wa mwaka huu wa nyumba ya shangazi atakuja kuufanya Bi Maureen, fundi mpya asiyenifahamu. Nimeshamwomba kitu kimoja: nikifungua mdomo kumweleza habari za boila, anitoe nje nikacheze na watoto.