Mwalimu Bertila na Mbao Alizotia Alama

Ndugu waombolezaji, mimi ni Stefano, mdogo wake marehemu, tumbo moja, ukoo umenituma nisome maisha yake na umeniomba nisome kwa upole, lakini mimi ndiye mjomba wa watoto wake hawa, na kwetu mjomba akinyamaza, nani mwingine atasema?

Mwalimu Bertila alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kijijini Lukuledi, akasoma shule ya misheni hapo hapo, akaenda chuo cha ualimu, na Januari 1974 akaanza kufundisha darasa la kwanza hapa Newala, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013, na wengi mnaojifuta machozi hapa ni yeye aliyewafundisha kushika kalamu.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Gasper, wakajaliwa Dominic, Julia na Edson, na kwa kuwa shida ya maji hapa kwetu kila mtu anaijua, shemeji alichimba tangi la maji ya mvua mbele ya nyumba, akalifunika kwa mbao nene, na juu ya mbao hizo ndipo familia ilipofanya baraza la kukaa jioni, hadi shemeji alipofariki mwaka 2009.

Mbao zikaanza kuoza, dada akawaomba wanawe wazibadilishe, Dominic akasema tusubiri msimu wa korosho, Edson akasema mama tunalifanyia kazi, Julia akatuma vikopa vya upendo kwenye kundi la familia la simu, na miaka mitatu ikaisha hivyo, jamani, miaka mitatu! Basi dada akachukua mkaa, akatia alama ya kosa kwenye kila ubao mbovu, saba kwa jumla, kama anasahihisha daftari, akawa anaziruka, na watoto wa jirani akawafundisha kuziruka.

Tarehe 22 Desemba 2024 wanawe walikuja Krismasi, na wageni wa posa ya mjukuu walikuwa njiani, basi wanawe wakaziona zile alama wakaona aibu, wakanunua rangi. Rangi, si mbao! Asubuhi moja wakapaka baraza zima kahawia, dada akalalamika kwamba sasa hajui akanyage wapi, wakamwambia mama njoo tupige picha, na mimi Stefano nilisimama pale pale nikasema limependeza, na hilo sijajisamehe.

Tarehe 11 Januari 2025, akiwa na ndoo anakwenda kuchota maji, ubao ulivunjika, mguu ukazama, nyonga ikavunjika, akalazwa, kifua kikamzidi, na tarehe 6 Februari saa nne asubuhi akafariki. Tangu jana nasikia watu wakisema ni kazi ya Mungu, nami nasema hapana, Mungu hakushika brashi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia wiki nne, tunamshukuru jirani yetu Mama Shakila aliyemchomoa pale kwa mikono yake mwenyewe, tunawashukuru walimu wenzake waliokesha nasi, na aliyetandika mkeka mpya leo asubuhi juu ya lile shimo, ili nyie wageni msilione, naye nia yake nimeielewa, asante, mkeka nimeuondoa.

Dada Bertila, pumzika kwa amani, wote watakaotoka hapa watapita wakiliona lile shimo.