Inchi Tisa za Eluned Prosser

Saa moja kamili asubuhi, Jumatano tarehe nane Novemba, maji ya Mto Cerwyn yalipita chini ya daraja letu, na hakuna aliyeandika kimo chake. Hilo halikuwa limetokea kwa miaka hamsini na miwili.

Wasikilizaji wapendwa, Eluned Prosser alifariki asubuhi hiyo nyumbani kwake Pont Gerwyn. Alikuwa na miaka themanini na saba. Alikuwa msimamizi wa posta na duka, na alikuwa msomaji wa ubao wa mto, ule unaopima kimo cha maji darajani. Leo tunamkumbuka kwa ubao huo.

Wengi wenu mnamjua kwanza kwa jambo la pesa. Februari 1971 pesa zilipobadilika, pauni ikawa peni mpya mia moja, Eluned ndiye aliyewafundisha watu wa hapa. Alibandika kadi juu ya kaunta: shilingi moja ya zamani, peni mpya tano. Shemeji yake Tudur Beynon, fundi viatu, mume wa mdogo wake Mair, alisimama mbele ya foleni na kumtania.

"Shemeji, shilingi yangu ilikuwa na peni kumi na mbili. Leo unaniambia tano. Saba umekula wewe?"

"Ni peni mpya, Tudur. Zimenenepa."

Foleni ilicheka. Tangu siku hiyo, hesabu za mabadiliko zilikuwa za Eluned. Hakuna aliyemkagua.

Vuli ya 1973 ikawa zamu ya mto. Ubao wa zamani ulikuwa wa futi na inchi. Kanuni yake kila mtu aliijua: maji yakifika futi nane, kengele ya kanisa inapigwa na watu wa Mtaa wa Chini wanahama. Ofisi ya mto ilileta ubao mpya, wa mita. Eluned akafanya hesabu. Futi nane ni mita mbili na sentimita arobaini na nne. Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeirudia mwenyewe.

Jumanne tarehe kumi na tatu Novemba, 1973, saa tisa na dakika arobaini alasiri, ubao ulisoma mita mbili na thelathini. Tudur alikuwa darajani. Alitaka kujua kama ana muda wa kurudi nyumbani, Mtaa wa Chini, kuchukua cherehani yake ya kushonea ngozi. Eluned alimjibu kwa kipimo cha zamani, ili amwelewe.

"Bado inchi tano na nusu, shemeji. Nenda, usikawie."

Saa kumi na dakika kumi ukuta uliozuia mto usiingie Mtaa wa Chini ulianguka. Kengele ilikuwa haijapigwa. Watu kumi na mmoja waliokolewa. Tudur Beynon hakuokolewa.

Mair hakusema na dada yake kwa karibu miaka mitatu. Kanisani alihamia upande wa pili. Binti wa Eluned, Nesta, anasema kila baada ya chakula mama yake aliirudia hesabu ile ile pembezoni mwa gazeti, na kila mara alipata jibu lile lile. "Hilo ndilo lililomtisha," anasema Nesta. "Kama angelikuta kosa, angelala."

Kosa lilionekana Agosti 1976, wakati wa ukame. Mto ulishuka hadi msumari wa chuma ukatokea kwenye jiwe la daraja. Huo ulikuwa sifuri ya ubao wa zamani. Eluned alishuka na utepe wa kushonea, wenye inchi upande mmoja na sentimita upande mwingine. Sifuri ya ubao mpya ilikuwa juu ya msumari huo kwa inchi tisa. Narudia: inchi tisa. Aliposema bado inchi tano na nusu, maji yalikuwa yameshapita futi nane.

Alimwita Mair. Mair alipima mwenyewe, mara mbili. Nesta alikuwapo.

"Kwa hiyo si kosa lako, dada," Mair alisema. "Ni lao."

Eluned alikunja utepe. Jumapili iliyofuata alikula kwa Mair, na Jumapili zote zilizofuata.

Hata hivyo hakuacha kusoma ubao. Mashine ya kupima mto ilipowekwa na ofisi ikaacha kumlipa, aliendelea. Kila asubuhi saa moja aliandika daftarini mita, kisha futi, kisha akaongeza inchi tisa. Ukimwambia namba yoyote, kimo cha mlango au urefu wa pazia, alikuuliza: "Kuanzia wapi?" Watu walidhani ni uzee. Alianza kuuliza hivyo akiwa na miaka arobaini.

Kwa Nesta, kwa Mair, na kwa familia nzima ya Prosser na Beynon, tunatoa pole. Maziko ni Ijumaa. Nanyi wasikilizaji, leo mkipewa namba, ulizeni alivyouliza Eluned.

Yaliyobaki nayasema kwa idhini ya familia.

Jumapili Nesta alifungua mtoto wa meza wa mama yake. Alikuta barua ya ofisi ya mto. Mhuri wa kupokelewa ni wa posta yetu, tarehe nne Oktoba 1973, wiki tano na siku kadhaa kabla ya mafuriko. Mhuri huo ulikuwa mkononi mwa Eluned. Ukurasa wa kwanza ni jedwali la futi na mita. Chini ya ukurasa wa pili kuna sentensi moja: sifuri ya ubao mpya iko inchi tisa juu ya ile ya zamani. Sentensi hiyo imepigiwa mstari kwa penseli. Mstari ulipigwa lini, hakuna ushahidi.

Nesta aliipeleka barua kwa Mair. Kwanza alisema, "Mama mdogo, si lazima uisome." Mair aliisoma. Akauliza kama chai imebaki. Kisha akasema, "Miaka arobaini na saba amekula mezani kwangu."



Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, dereva wa gari la mkate alimwona mwanamke mzee darajani. Daftari la Eluned lina mstari mpya. Mita sifuri nukta sita moja. Futi mbili. Ongeza inchi tisa.

Mwandiko ni wa Mair.