Jembe Langu Lilinitetea Kwenye Baraza

Bwana asifiwe! Aa, hiyo sauti ni ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe tena! Sasa hapo sawa.

Mimi ni Kwamboka, naishi hapa Ikonge kwa mjomba wangu. Baba alipofariki, mama alirudi kwao nikiwa mgongoni. Mkiona nacheka sana siku hizi, nina sababu.

Ndugu zangu, nimekua nikiitwa mtu wa kupita. Nikitoka kuchuma chai, kikapu kinanivuta shingo, bado nasikia, "Huyo kwao ni kule." Inauma! Masomo yangu yaliishia kidato cha pili, lakini ndoto hazikuishia hapo. Nilitamani siku moja niendeshe ile mashine nzito ya kushindilia barabara. Usicheke, mama pale nyuma!

Basi barabara ya lami ikaja. Kwenye baraza ya chifu tukasomewa sheria: kazi za vibarua zitapewa wakaaji wa vijiji ambavyo barabara inapitia, na wanawake wasisahaulike. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka! Kwa sababu tulikuwa wengi, ingepigwa kura, kila mtu achukue karatasi iliyokunjwa kwa ndoo.

Nikafika mbele. Aliyesimama kwa ndoo ni mzee wetu wa kijiji.

"Wewe rudi nyuma. Kitambulisho chako kinasema ulizaliwa Kisii. Hii ni ya watu wa hapa."

"Mzee, nimekaa hapa tangu sijaota meno."

"Meno yameota hapa, lakini kwenu ni kwa baba yako."

Watu wakacheka. Nilisimama kando, machozi karibu, nikaomba ombi fupi: Nyasae, Mungu wangu, mimi ni wa wapi?

Ndugu zangu, Mungu anajibu! Dada mmoja wa mradi, wa helmeti nyeupe, akasema, "Sheria inauliza anaishi wapi. Haiulizi baba yake alizikwa wapi. Lakini wenyeji wathibitishe. Nani anamjua?"

Halafu akasimama Mama Moraa. Mnajua ni nani? Bibi ya huyo mzee mwenyewe!

"Baba Moraa, yale mahindi ulikula jana, unajua nani aliyapalilia? Ni huyu! Kwa risaga yetu hajakosa zamu hata moja."

Risaga si ni ile kazi yetu ya kusaidiana, leo tunalima kwako, kesho kwangu? Mimi nilikuwa naenda tu kwa sababu napenda nyimbo na uji. Sikujua Mungu anahesabu!

"Hata kwangu amelima!" mwingine akapaza sauti.

"Kwangu alilima akinyeshewa! Mgeni gani anajua mpaka mawe ya shamba langu?"

Mzee akajitetea, "Hayo ni mambo ya wanawake."

"Sawa," Mama Moraa akamjibu, "leo utajipikia."

Baraza nzima ikavunjika kwa kicheko! Mzee akanisogezea ndoo. Niliingiza mkono, nikafungua karatasi: NDIYO. Haleluya! Nilipiga nduru mpaka kofia ya mjomba ikaanguka.

Leo nashika bendera pale kwenye kona ya kwenda Ekerenyo, nyekundu na kijani, kuongoza magari. Wiki ya kwanza mzee alikuja kwa bodaboda, nikainua nyekundu. Akangoja kwa vumbi, kisha akaniita, "Binti yetu, utanishikilia hapa mpaka lini?"

Ndugu zangu, sikusikia lingine. Nilisikia "yetu". Nikainua kijani, nikamwambia, "Pita, baba."

Asante Yesu! Asante kina mama wa risaga, bado nakuja, niwekeeni uji. Na wewe unayeambiwa huna kwenu, usitupe jembe. Mwamini Mungu, yeye anajua kila shamba ulilolima. Mashine ile bado naiangalia, dereva amesema atanifundisha. Mpaka hapo, mkipita kwenye kona pigeni honi, na mimi nitawajibu haleluya kwa bendera ya kijani!