Koti la Kwenda Norwei

Pale Kirumba, barabara inapoanza kushuka kwenda soko la samaki la Mwaloni, kuna benchi lililopigwa kwa mbao za mtumbwi mkongwe, na ukilikalia vibaya msumari unakukumbusha. Alasiri Nestory huleta birika la kahawa na vikombe vyake vidogo, na kabla mkaa haujashika vizuri wenye benchi wanakuwa wameshafika. Yupo mzee Luhaga, mstaafu wa posta, anayeitwa Redio kwa kuwa hakuna habari ya dunia isiyompitia na hakuna anayejua kitufe cha kumzimia. Yupo pia Opiyo, fundi majokofu, ambaye watu wameshasahau jina lake wakabaki na Friza. Alhamisi hiyo wa tatu wao alichelewa. Shigela, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alivuka akiwa amekumbatia kitu cha bluu, kikubwa kama ndama. Akakilaza kwenye benchi. Kikachukua nafasi ya watu wawili.

— Umeua nini? Friza akauliza.

— Koti. La Odeta.

Habari za Odeta zilikuwa zimeshazunguka Kirumba nzima. Binti wa Shigela amepata nafasi ya kwenda kusomea ufugaji wa samaki, na masomo yenyewe ni ya kuhamahama: ataanzia Norwei kwenye theluji, atahamia Omani kwenye jua la jangwani, atamalizia Vietinamu kwenye mvua. Safari ni Jumamosi, na begi linaloruhusiwa ni moja.

Mwenyewe Odeta alikuwa amesema atatafuta jaketi mtumbani. Shigela akaguna tu. Fundi gani wa cherehani mtoto wake anavaa mtumba kwenda Ulaya? Akajifungia kibandani, juu akaweka kitambaa kizito cha bluu, ndani blanketi, na katikati akashindilia pamba aliyoletewa na shemeji yake kutoka Kwimba. Odeta alikuwa bado hajaliona. Shigela alitaka kwanza lisifiwe hapa, ndipo alipeleke nyumbani likiwa na jina.

Friza akaligeuza, akalibonyeza, akaweka sikio kama daktari.

— Kazi nzuri. Ila shingoni hujaweka mpira.

— Mpira wa nini?

— Ndugu yangu, baridi ndiyo kazi yangu. Mimi naingiza kichwa kwenye friza kila siku ya Mungu. Mlango wa jokofu bila mpira, umekwisha. Weka mpira shingoni, mpira mikononi, mtoto afunge, tap!

— Atapumulia wapi? Nestory akauliza huku anamimina.

— Hayo ni mambo ya Norwei, watajua wao.

Mzee Redio akakohoa. Akikohoa hivyo, taarifa ya habari inaanza.

— Nyie hamjui. Baridi ya kule haipiti shingoni, inapita masikioni. Kuna mtu alipiga chafya njiani, ile chafya ikaganda hewani, ikaanguka.

— Ikavunjika?

— Vipande vitatu.

— Mzee, acha bwana!

— Kwani wewe ulikuwepo?

Friza hakuwepo, kwa hiyo akanywa kahawa yake.

— Haya, Norwei tumemaliza, Shigela akasema. Je, akifika Omani? Koti hili kwenye jua lile?

— Alivae vilevile, Friza akajibu bila hata kufikiri. Jokofu halijui nje kuna nini, kazi yake ni kuzuia. Linalozuia baridi isiingie ndilo linalozuia joto. Tena alilowanishe kwanza. Atatembea ndani ya kivuli chake mwenyewe.

Shigela akakuna kidevu. Hoja ikamwingia kidogo.

— Na Vietinamu?

— Vietinamu ndiyo kasheshe, mzee Redio akasema. Kule mvua inanyesha mpaka samaki wanatafuta pa kujikinga. Na hiyo ni pamba ya Kwimba. Ina mbegu. Ikilowa itaota!

— Mbegu nilitoa zote, mzee wangu. Moja moja.

— Hukosi kuacha mbili.

— Na iote! Friza akadakia. Wenzake wanafuga samaki, yeye anavuna pamba mgongoni. Watampa shahada mbili.

Benchi likacheka mpaka likatikisika. Nestory akaona afadhali koti lipimwe uzito, maana ndege haina utani. Wakavuka nalo kwa mama mmoja wa dagaa, wakalitundika kwenye mizani yake. Kilo saba. Wakarudi nalo taratibu kama watu waliotoka hospitali.

— Begi zima ni kilo ishirini na tatu, Shigela akasema.

— Basi asilipakie, alivae, akasema Friza. Na ukishalivaa, nani atakupima? Mshonee mifuko ndani. Huku dagaa, huku unga, huku mgongoni sufuria.

— Sufuria ikae kifuani, mzee Redio akasahihisha. Mgongoni ataegemeaje kiti cha ndege?

— Na viatu kwenye mikono. Kofia ndefu, ndani tunaweka maharage.

— Shida ni pale uwanja wa ndege. Watadhani ni watu wawili. Watamdai tiketi ya pili.

Shigela alicheka pamoja nao, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Lakini mkono wake mwingine ulibaki juu ya koti, unalipapasa kama vile mtu anavyomtuliza mtoto aliyekaribia kulala.

Wakati huo akasimama mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani. Si mtu wa pale, hawakuwahi kumwona.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu.

Akatua beseni, akaomba kahawa, akakaa ukingoni mwa benchi palipobaki nafasi. Macho yakamwendea lile koti. Akaingiza mkono ndani ya mkono wa koti, akautoa, akafuata mshono kwa kidole.

— Nani kashona?

— Mimi. La binti yangu, anaenda kusoma ng'ambo.

— Mshono umetulia, fundi. Hongera. Vipimo vyake ulichukua lini?

Shigela akafungua mdomo ajibu.

Alikuwa amekata kitambaa bila hata kutazama popote, kwa namba zilizomo kichwani, na sasa ndipo alipojiuliza namba zile zilitoka wapi. Zilikuwa za sweta la shule ya sekondari. Tangu hapo Odeta alikwenda Morogoro chuoni, akawa anakuja likizo na kuondoka, akaja na kuondoka, na tepu ya baba yake haikumgusa tena.

Friza akamtazama mzee Redio. Mzee Redio, kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile, hakuwa na taarifa. Nestory akainamisha birika, likatoa tone moja na machicha.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Shigela akalikumbatia koti lake, akaaga, akapandisha mlima kuelekea nyumbani.

Alimkuta Odeta uani anapiga pasi.

— Simama hapa, mama. Jaribu hili.

Odeta akaliangalia, akamwangalia baba yake, akalivaa. Mikono ya koti ikaishia katikati ya kiwiko na kifundo. Akajitazama, akaanza kucheka, naye Shigela akacheka, ila kicheko chake kilikatika njiani.

— Baba, mbona hukuniita unipime?

— Nilitaka usijue.

— Nami nilikuwepo hapa nyumbani muda wote.

Shigela akamvua koti, akavuta tepu, na Odeta akanyoosha mikono kama alivyokuwa akifanya zamani kila shule ilipokaribia kufunguliwa. Mabega. Mgongo. Ilibidi fundi ainue mikono yake juu. Binti alikuwa amempita kimo.

— Punguza na pamba kidogo, baba. Uniachie nafasi ya sweta ndani.

— Nitapunguza.

Akapima urefu wa mkono, kutoka begani hadi kwenye kifundo. Kisha akarudisha tepu begani, akaupima tena, ingawa namba alikuwa ameshaipata. Odeta alijua. Hakushusha mkono.