Beseni Langu Lilivyofunga Mwalo

Ninyi vijana mtakaolisoma daftari hili la kikundi, acheni kwanza kucheka. Najua mnacheka. Mnapita pale Katonga asubuhi, mwaloni mitumbwi inaposhushia samaki, mnaona mabeseni yamepangwa mstari juu ya vichanja kama watoto wa shule, wenye mabeseni wamekaa mbali wanapiga soga, halafu mnasemezana, "Hawa bibi zetu wastaarabu kweli." Hatukuzaliwa na ustaarabu huo. Tuliupata kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu mimi.

Haya niliyasema mbele ya akina mama wa kikundi, wakaniambia niyaandike. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iamsheni. Na sitataja jina la mtu. Mwenye kujijua atajijua.

Mimi ni muanikaji wa dagaa. Nimeanika tangu mume wangu yu hai, na alipofariki nikaendelea, maana watoto hawaachi kula kwa sababu baba yao amekufa. Zamani pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga na dagaa wake, hapakuwa na foleni. Palikuwa na mkono. Mtumbwi ukikaribia, mnaingia majini mpaka magotini, kila mtu na beseni lake, mnarusha. Beseni la kwanza kuangukia ndani ya mtumbwi ndilo linalojazwa kwanza. La mwisho linapata makombo na magamba. Ndugu zangu, nawaambia bila kujisifu: hakuna aliyenishinda kurusha. Beseni langu la bluu, lile lenye kiraka cha plastiki pembeni, wavuvi walikuwa wakiliona linaruka wanainamisha vichwa. "Inameni, bibi amefika!"

Halafu ikaja korona.

Mnaikumbuka wengine, wengine mlikuwa wadogo. Watu wakaanza kukohoa, wakaanza kuogopana. Pale mwaloni tulikuwa tunasongamana kila asubuhi, jasho la huyu linamdondokea yule, na wanunuzi wanatoka kila upande. Viongozi wetu wa mwalo wakakaa, wakaamua: mwalo ufungwe. Wakafunga kamba kutoka kwenye banda la kupimia mpaka kwenye mti wa kufungia mitumbwi. Mitumbwi ikaenda kushusha kwingine, mbali, wakanunua wenye magari.

Sikuwalaumu, na leo siwalaumu. Lakini mwalo ukifungwa, hajafungiwa mvuvi peke yake. Vichanja vyangu vilibaki vitupu mpaka kuku wakawa wanalala juu yake. Muuza chai alifunga. Fundi wa nyavu alifunga. Na jirani yangu, mama mmoja aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana, ambaye anakaanga samaki, migebuka na dagaa, kwa mawese pale pale mwaloni, jiko lake likaota kutu. Ana watoto wanne. Wakawa wanakuja kwangu jioni, wanasema wamekuja kusalimia. Mtoto anayesalimia huku anatazama sufuria, huyo hajaja kusalimia. Tulikula nao ugali wa muhogo na matembele, siku nyingine ugali na chumvi.

Ikafika miezi. Tukasema tuwaendee viongozi. Tulikwenda akina mama sita, tumevaa barakoa za vitenge, tumekaa mbalimbali kama tumegombana. Mwenyekiti wa mwalo ni mtu mpole, ila neno lake halirudi. Akasema, "Nikiwafungulia mtarudi kule kule kusukumana."

Nikasimama. Hakuna aliyenituma. Nikasema, "Mwenyekiti, tupe siku moja ya majaribio. Tutanawa maji tiririka, tutasimama hatua mbilimbili, tutanunua mmoja mmoja. Mimi mwenyewe nitawasimamia. Atakayevunja utaratibu, nitamtoa kwa fimbo."

Akacheka. "Bibi, kwa fimbo yako naamini."

Siku ikapangwa. Tuliweka ndoo za koki na sabuni. Nikachora mistari kwenye mchanga kwa ncha ya fimbo, nikawasimamisha watu mmoja mmoja, nikawagombeza kama watoto. Beseni langu nililichukua pia, kwani mimi si muanikaji? Nikaliweka chini, karibu na mguu wangu.

Mtumbwi wa kwanza ukaja. Umejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Dagaa wanang'aa. Miezi ile yote sikuwa nimewaona dagaa wengi namna ile, na harufu yake mbichi ikanipanda kichwani. Kuna mama mmoja wa Ujiji, muanikaji kama mimi, tumeshindana miaka. Nikamwona anasogeza mguu. Hatua moja tu.

Sikumbuki kuinama. Nakumbuka beseni likiwa hewani.

Msimamizi mwenye fimbo, ndugu zangu. Likatua katikati ya mtumbwi, paa! Na watu wakasema, kumbe ruhusa. Wakaingia majini wote, mabeseni yakaruka kama kunguru waliotupiwa jiwe, wakaukaba mtumbwi upande mmoja mpaka ukalala, dagaa wakamwagika ziwani. Barakoa zinaelea. Mtu anakanyaga mtu. Mwenyekiti akaja mpaka pale. Aliokota kamba yake, akaifunga tena pale pale ilipokuwa, halafu akanitazama.

"Bibi. Hata wewe?"

Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka kiunoni, beseni sina. Na mdomo wangu haukunyamaza. Kila aliyeniuliza nilimwambia, "Yule wa Ujiji ndiye aliyeanza. Mimi nilikuwa namzuia." Nilisema mpaka nikaanza kuamini. Watu wakanipa jina, Bibi Beseni. Nikipita kisimani, vijana wanainamisha vichwa: "Inameni, linakuja!" Niliacha kwenda kusali. Niliacha kwenda kikundini. Nyumbani nikawa mkali hata kwa mbuzi.

Siku moja nimekaa uani nachambua mboga, akaja yule jirani yangu mkaanga samaki. Ananiitaga mukecuru, kwao ni bibi kizee, na huwa analisema kwa upendo. Siku hiyo hakukaa.

"Mukecuru, nimefuata sufuria yangu kubwa niliyokuazima. Ile ndogo baki nayo."

"Unaipeleka wapi?"

"Naondoka. Tunakwenda Simbo, kuna mtu ananipa kibarua cha kulima. Watoto nitawalaza huko huko shambani."

"Na jiko lako?"

"Jiko la kukaangia nini? Maji?"

Nikaanza wimbo wangu. "Yule mama wa Ujiji ametuharibia, kama asingesogeza mguu..."

Akaniwekea mkono begani. Sijawahi kuguswa na mkono mzito vile. "Nilikuwa nyuma yako," akasema. "Yeye alisogea akae vizuri, mchanga ulikuwa unateleza. Wewe ulirusha. Sikusema kwa watu kwa sababu umelisha wanangu. Lakini usiniambie mimi."

Akachukua sufuria akaondoka. Nilibaki na mboga mkononi. Ndugu zangu, njaa niliizoea, na jina la kudhihakiwa nililizoea. Lakini mtu niliyedhani namsaidia alikuwa ananifichia aibu, na mimi ndiye niliyemzimia jiko. Hapo ndipo nilipoanguka chini hasa, na hapo ndipo nilipoanza kuinuka.

Nilimfuata njiani kabla hajafika kwake. Nikamwambia, "Nipe siku tatu. Usihame." Akasema, "Siku tatu utafanya nini?" Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Akaguna kukubali kwa lugha ya kwao, "Ego, mukecuru. Tatu."

Nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Kwa muuza chai, kwa fundi wa nyavu, kwa mwenye mtumbwi uliomwaga dagaa. Kila mahali maneno yale yale: nilirusha mimi, nimekuja kuomba radhi. Wengine walinipa kiti. Mmoja alinifungia mlango, na ilikuwa haki yake.

Siku ya pili nikaenda Ujiji. Huko ndiko nilikoogopa. Yule mama alikuwa nje kwake anapepeta mchele. Aliponiona akaita watu wa ndani: "Ondoeni vyombo vyote vya udongo, Bibi Beseni amekuja!"

Nikamwambia, "Niliwaambia watu wewe ndiye uliyeanza. Nilidanganya. Ni mimi."

Akaendelea kupepeta. Akapepeta weee, mpaka nikafikiri hakusikia. Mwisho akasema, "Najua ni wewe. Beseni lilipita juu ya kichwa changu." Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mchele ukamwagika, na mimi nikacheka, na mwisho wa kicheko nikajikuta nafuta machozi kwa ncha ya khanga. Akaniletea maji ya kunywa.

Ng'ambo ya njia palikuwa na bomba la mtaa. Maji yalikuwa hayajatoka. Ndoo zimepangwa, labda ishirini, kutoka bombani mpaka kwenye kona, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Wenyewe wako majumbani wanapika. Yule mama akanyoosha kidole.

"Ona pale. Ndoo zina adabu kuliko wewe."

Alisema kunitania tu. Lakini nikatazama zile ndoo, naye akanitazama mimi, na nadhani tuliona pamoja. Nikasema, "Kumbe mtu si lazima asimame." Akasema, "Beseni lisimame, mtu akae mbali." Sisi wote tunapanga ndoo bombani tangu utoto, na hatukuwahi kufikiri kwamba dagaa nao wanaweza kuchotwa vile vile. Tulijua tu kurusha.

Siku ya tatu tukaenda naye kwa mwenyekiti. Akaniona akashika kichwa. "Wewe tena?"

"Mimi tena. Sitaki usimamizi. Fimbo mpe huyu wa Ujiji. Nataka ukubali mabeseni yapangwe juu ya vichanja, mtu akifika anaweka lake nyuma ya lililotangulia, halafu anakwenda kukaa kule juu kwenye mawe. Wavuvi washushe na kujaza beseni moja moja. Mwenyewe anaitwa, ananawa, anabeba, anaondoka. Hakuna atakayemgusa mwenzake."

Yule wa Ujiji akaongeza la kwake, na lilikuwa la maana kuliko langu: mabeseni ya wenye biashara za hapa hapa, wakaanga samaki, waanikaji, mama wa supu, yajazwe kwanza. Wenye malori ya kwenda Kidahwe na Kasulu wasubiri. Mwenyekiti akainua kidole kimoja. Akasema, "Asubuhi moja. Beseni likiruka hata shibiri moja, kamba haifunguliwi tena."

Asubuhi hiyo nilifika wa kwanza, nikasubiri wote waweke, ndipo nikaweka langu mwisho kabisa. Wavuvi walikuwa wamelihifadhi lile la bluu, wakanirudishia huku wanainamisha vichwa. Nikaenda kukaa kwenye mawe. Mtumbwi ulipotokeza, mkono wangu ukaanza kucheza peke yake. Niliukalia. Msicheke, niliukalia kweli, mkono wa kulia chini ya paja. Hakuna aliyekimbia. Beseni la kwanza likajazwa, la pili, la tatu. La jirani yangu mkaanga samaki lilikuwa la nne, aliitwa akanawa, akabeba akipita mbele yangu, akasema bila kusimama, "Rudisha ile sufuria ndogo, nina kazi nayo."

Dagaa waliisha kabla ya kufika kwangu. Nilibeba beseni tupu nyumbani, na sijawahi kubeba beseni jepesi kwa furaha kama ile. Kesho yake kamba haikufungwa. Wala kesho kutwa. Wiki haikuisha kabla mawese hayajanukia tena pale mwaloni, muuza chai akarudi, kuku wakatimuliwa kwenye vichanja vyangu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru viongozi wa mwalo waliotuamini mara ya pili, maana mara ya pili ndiyo ngumu. Nawashukuru wavuvi, na kikundi hiki kilichoniachia nafasi yangu ya kukaa nilipokuwa nimejificha. Mama wa Ujiji, siku niliposema haya ulikaa pale nyuma, nilikuona, usiiname. Na jirani yangu aliyenifichia aibu mbele za watu akanisema usoni: watu kama yeye wawe wengi katika maisha yenu. Ninyi vijana, mkivunja kitu cha watu wote, msitafute aliyesogeza mguu. Semeni ni mimi, halafu mfikiri namna ya kutengeneza.

Ugonjwa umepita, mstari umebaki. Lakini juzi mkwe wangu alirudi kutoka mwaloni anatabasamu. "Mama, leo tutapata mapema. Nimelipenyeza beseni lako mbele, nikawaambia ni la mzee."

Nikaweka chini mwiko. Nikaita wote waliokuwa ndani, mpaka aliyekuwa anaoga, nikawaambia:

"Beseni la nyumba hii linakaa pale lilipofika. Wewe uliyelisogeza, rudi ukalirudishe nyuma kwa mkono wako huo huo, watu wakikuona. Nenda sasa hivi. Chakula kitakusubiri."